Kukuza, Kuongeza na Kuimarisha: Uhakiki wa Vitenzi Vitatu katika Elimu ya Mtawanyo wa Raman

Si kazi ya mtaalamu wa lugha kumfundisha mwanafizikia fizikia yake. Walakini mwanafizikia aandikapo kwa Kiswahili huwa ameingia katika shamba ambalo mtaalamu wa lugha ana haki ya kusema neno, na pengine hana budi kulisema. Katika makala haya nataka kuhakiki matumizi ya vitenzi vitatu, yaani kukuza, kuongeza na kuimarisha, katika maelezo ya jambo moja la fizikia ya mwanga. Na nitajaribu kuonyesha kwamba anayevitumia kana kwamba ni kitenzi kimoja hakosi ufasaha tu, bali huiharibu hoja yenyewe.

Sababu ya kuandika ni hii. Mwalimu mmoja wa fizikia aliniletea kurasa chache alizowaandikia wanafunzi wake, akieleza jinsi ishara ya Raman inavyoweza kukuzwa kwa njia nyembamba za kioo ziongozazo mwanga, na kwa chembe ndogo sana za dhahabu na fedha. Aliniomba nimsahihishie Kiswahili chake. Nilisahihisha upatanisho wa ngeli na vituo, nikaliacha neno kukuza kama lilivyokuwa, kwa kuwa lilikuwa Kiswahili safi kisicho na ila. Kurasa zile ziliposomwa darasani, mwanafunzi mmoja aliuliza: ikiwa chembe za dhahabu hukuza ishara, mbona tusizipange chembe hizo njia nzima, ishara ikazidi kukua? Swali hilo ni la mtu mwenye akili. Jibu lake ni kwamba akifanya hivyo ishara haitakua, bali itapotea. Mwanafunzi hakukosa, alilifuata neno lilikomwongoza. Lililokosa ni neno, na neno hilo nililipitisha mimi.

Yafaa kwanza tulieleze jambo lenyewe. Mwanga ukipita katika maji, au kioo, au hewa, sehemu yake ndogo hutawanywa pande zote. Karibu mwanga wote uliotawanywa hutoka na rangi ileile ulioingia nayo. Lakini fotoni chache mno, takriban moja katika kila milioni 10 za zilizotawanywa, hutoka zikiwa zimebadilika rangi, kwa sababu zimeiachia molekuli sehemu ya nishati yao, au zimechukua nishati kutoka kwake. Kiasi cha nishati kinachobadilishwa hutegemea mitetemo ya molekuli, na kila aina ya molekuli ina mitetemo yake. Kwa hiyo apimaye rangi hizo zilizobadilika huweza kuitambua molekuli, kama vile mtu atambulikanavyo gizani kwa sauti yake.

C. V. Raman na K. S. Krishnan walitangaza jambo hili huko Calcutta mwaka 1928, na mwaka 1930 Raman alipewa Tuzo ya Nobel. Mwaka uleule wa 1928 Landsberg na Mandelstam waliliona huko Moscow katika fuwele. Waandishi wa Kirusi mpaka leo huliita kwa jina lenye maana ya mtawanyo wa muungano, kwa kuwa mwanga utokao huunganisha mtetemo wa mwanga ulioingia na mtetemo wa molekuli. Jina la Kirusi laeleza jambo. Jina tulilolipokea sisi lamtaja mtu. Silisemi hili kwa kutaka tubadili jina, bali kwa kukumbusha kwamba istilahi hata katika sayansi zilizo imara huwa ni uchaguzi, na kila uchaguzi huonyesha upande mmoja wa jambo na kuuficha mwingine.

Fotoni moja katika milioni 10 ni kitu dhaifu sana. Hii ndiyo sababu wataalamu wametafuta kwa miaka mingi njia za kuipata ishara iliyo kubwa zaidi. Na hapo ndipo mwandishi wa Kiswahili anapohitaji kitenzi.

Kitenzi kimjiacho kwanza ni kukuza. Tukitazame. Katika Kiswahili kitu hakikuzwi mpaka kiwepo. Mama hukuza mtoto aliyekwisha kuzaliwa. Mpiga picha hukuza picha iliyokwisha kupigwa. Na kikuza sauti hupokea sauti iliyokwisha kutoka kinywani. Tena kikuza sauti hakichagui: hukuza hotuba, na hukuza vilevile kikohozi cha msemaji na upepo uvumao. Ishara iliyokwisha kufika katika chombo cha kupimia yaweza kweli kukuzwa kwa vyombo vya umeme, lakini kelele iliyofuatana nayo hukua pamoja nayo, na mpimaji habaki na faida kubwa. Chembe za metali hazifanyi kazi hiyo. Kazi yao yote huifanya kabla fotoni haijafika katika chombo, pale pale inapozaliwa. Hazilei ishara chache zilizopo. Husababisha nyingi zaidi zizaliwe. Basi asemaye kwamba chembe hukuza ishara amemweka msomaji baada ya tukio, ilhali tukio lenyewe liko nyuma yake.

Kitenzi cha pili ni kuongeza, nacho kina historia yake katika elimu hii, ijapokuwa wenye historia hiyo hawakuandika kwa Kiswahili. Mwaka 1974 Martin Fleischmann, Patrick Hendra na James McQuillan wa Chuo Kikuu cha Southampton walichapisha habari za piridini iliyojishika juu ya elektrodi ya fedha. Elektrodi hiyo walikuwa wameikwaruza kwa njia ya umeme, wakiioksidisha fedha na kuirudisha tena na tena, ili uso wake uwe na eneo kubwa na upokee molekuli nyingi. Ishara ilionekana waziwazi. Walichokifanya kilikuwa kipya na cha thamani. Lakini fasiri yao, kama tungeiandika kwa lugha yetu, kitenzi chake kingekuwa kuongeza: eneo limeongezeka, molekuli zimeongezeka, na kwa hiyo ishara imeongezeka.

Mwaka 1977 makundi mawili yaliifikia hukumu nyingine, kila moja kwa njia yake. David Jeanmaire na Richard Van Duyne walikuwa katika Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani. Grant Albrecht na Alan Creighton katika Chuo Kikuu cha Kent, Uingereza. Walihesabu molekuli ziwezazo kukaa juu ya uso ule, wakalinganisha hesabu hiyo na ukubwa wa ishara, wakaona kwamba ishara ilikuwa kubwa kuliko ilivyotazamiwa kwa kadiri ya mara 100,000 hata mara 1,000,000. Hakuna ukwaruzaji uwezao kuongeza eneo la kipande cha fedha mara laki moja. Tena Jeanmaire na Van Duyne walionyesha kwamba ukwaruzaji mdogo ulitosha. Hesabu ya molekuli, basi, haikuweza kulilipa deni lile. Kila molekuli peke yake ilikuwa ikitawanya mwanga mwingi kuliko desturi yake.

Namwomba msomaji asimame hapa kidogo. Tofauti ya mwaka 1974 na mwaka 1977 haikuwa tofauti ya vipimo tu. Ilikuwa tofauti ya fasiri, na kwa Kiswahili fasiri hizo mbili zina vitenzi viwili. Ya kwanza yasema kuongeza, kwa maana ya wingi. Ya pili yasema kuimarisha, kwa maana ya nguvu. Kiingereza kina kitenzi kimoja ambacho hubeba maana zote mbili bila kumlazimisha mwandishi kuchagua, na wataalamu walipoendelea kukitumia baada ya 1977 walijua wenyewe wanakusudia ipi. Mfasiri wa Kiswahili hana nafasi ya kujificha namna hiyo. Akiandika kwamba uso wa fedha huongeza molekuli zitawanyazo, amelirudisha kosa la mwaka 1974 darasani, wala hatajua kwamba amelirudisha.

Nini basi kinachoimarishwa? Si ishara, wala si molekuli. Kinachoimarishwa ni uga wa umeme wa mwanga, mahali padogo sana karibu na metali. Elektroni za metali zaweza kusukumwa huku na huku na uga wa mwanga. Katika chembe ya dhahabu au fedha yenye upana wa makumi ya nanomita (na nanomita moja ni sehemu moja katika milioni ya milimita), elektroni hizo huyumba kwa pamoja, na kwa rangi fulani ya mwanga huyumba kwa nguvu nyingi, kama bembea isukumwayo kwa wakati wake. Uyumbaji huo huitwa plazmoni. Katika mwanya wa nanomita chache baina ya chembe mbili, uga huwa na nguvu nyingi zaidi ya ule wa mwanga uliotoka katika leza.

Hesabu yake yafaa kufuatwa hatua kwa hatua. Tuseme uga katika mwanya una nguvu mara 10 ya kawaida. Ukali wa mwanga hufuata kipeo cha pili cha uga. Kwa hiyo molekuli iliyo katika mwanya hupigwa na mwanga ulio mkali mara 100. Na mwanga uliobadilika rangi, kwa kuwa rangi yake haiko mbali na ya kwanza, nao husaidiwa na metali ileile wakati wa kutoka, karibu mara 100 tena. Mara 100 kwa mara 100 ni mara 10,000. Uimarishaji hutokea mara mbili, kuingia na kutoka, na ndiyo maana uga ulioimarishwa kidogo tu huleta ishara kubwa sana. Neno kukuza lisingetupa habari hiyo kamwe, kwa kuwa halina mahali pa kuingilia wala pa kutokea.

Sasa tuje kwenye njia za mwanga. Mwalimu yule aliziita mifereji ya mwanga. Mfano wa mfereji ni mzuri, lakini una hatari. Mfereji mwema ni ule usiomwaga maji kandokando, na kinachofurika huhesabiwa hasara. Katika chombo hiki mambo ni kinyume. Njia yenyewe ni ukanda wa kioo kizito, kama silikoni nitridi, wenye upana usiofikia nanomita 1,000, uliolazwa juu ya kioo chepesi zaidi. Mwanga husafiri ndani ya ukanda huo, lakini sehemu ya uga wake hutokeza nje ya ukingo na kufifia katika umbali usiofikia urefu wa wimbi moja. Ni sehemu hiyo ya nje iigusayo molekuli iliyo kando ya ukanda. Kinachofurika ndicho kifanyacho kazi. Kwa hiyo naona afadhali neno kiongozamwanga, ambalo husema kwamba mwanga huongozwa, wala halisemi kwamba umefungiwa.

Faida ya kiongozamwanga ni gani? Lenzi ikiubana mwanga sana, mwanga huo hutanuka tena baada ya kitambo kifupi mno; mkali ni mahali pamoja tu. Kiongozamwanga huubana mwanga na kuuweka umebanwa kwa sentimita nzima au zaidi, na mwanga wa Raman uzaliwao kandokando ya njia huingia humo humo na kupelekwa mpaka kwenye chombo cha kupimia. Mwaka 2014 Ashim Dhakal na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, walichapisha matokeo ya namna hii kwa ukanda wa silikoni nitridi na leza ya nanomita 785. Kwa sehemu kubwa, faida ya kazi hiyo ni ya urefu: molekuli zinazoguswa na mwanga ni nyingi zaidi. Kiongozamwanga nacho huubana uga, na kwa kiasi hicho kina sehemu ya uimarishaji. Lakini kitenzi chake kikuu ni kuongeza. Kitenzi kilichokuwa kosa juu ya elektrodi ya Southampton ni sahihi hapa.

Tazama basi jinsi mambo yanavyojipanga. Metali huimarisha, kiongozamwanga huongeza. Akiviunganisha mtu viwili hivi, yaani akiweka chembe za dhahabu juu ya kiongozamwanga, atatazamia kwamba faida mbili zitazidishana. Mwaka 2016 Frédéric Peyskens na wenzake, wa Ghent vilevile, walichapisha habari za chombo kama hicho: jozi za pembetatu ndogo za dhahabu, zikielekeana ncha kwa ncha, zimepangwa mstari mmoja juu ya ukanda wa silikoni nitridi. Ishara ilipatikana, lakini walionyesha pia kwamba iko idadi ya jozi iliyo bora, na kwamba kuipita idadi hiyo ni kupunguza ishara. Dhahabu iimarishayo uga ndiyo dhahabu ileile imezayo mwanga. Tuseme, kwa mfano tu, kila jozi hupunguza mwanga kwa sehemu moja katika 10. Baada ya jozi 10 mwanga uliobaki hupita thuluthi moja kidogo tu. Baada ya jozi 40 haufiki sehemu 2 katika 100. Jozi za mwisho hukaa gizani, na mwanga wa Raman uliozaliwa katika jozi za kwanza hauna budi kupita jozi zote zilizosalia kabla ya kutoka. Anayeongeza chembe hupoteza urefu, na urefu ndio uliokuwa fadhila ya kiongozamwanga.

Hili ndilo jibu la swali la mwanafunzi. Lingekuwa limekwisha kujulikana nusu yake kama kurasa zile zingetumia vitenzi viwili, kwa maana msomaji angeona kwamba kazi mbili tofauti zinafanywa na vitu viwili, naye angeuliza kama zinapatana. Kitenzi kimoja kilimficha ugomvi huo.

Liko na jambo la pili lililofichwa. Silikoni nitridi yenyewe hutawanya mwanga na kutoa mwanga wake wa nyuma, na hufanya hivyo katika urefu wote wa njia. Kuurefusha ukanda ni kuongeza molekuli zitakiwazo, lakini pia ni kuongeza mwanga usiotakiwa. Mpimaji aweza kuuondoa mwanga huo kwa hesabu, asiweze kuiondoa mitikisiko yake: fotoni 1,000,000 za nyuma hupanda na kushuka kwa kadiri ya 1,000, na ishara ya fotoni 100 haionekani ndani ya mitikisiko hiyo. Kwa hiyo hata kitenzi kuongeza chataka kutajiwa yambwa. Kuongeza nini? Asiyejibu swali hilo hajamaliza sentensi.

Kasoro hii ya sentensi isiyokwisha si ya waandishi wa Kiswahili peke yao. Mwaka 1997 kundi la Katrin Kneipp, na kwa upande mwingine Shuming Nie na Steven Emory, walitangaza kwamba wameiona ishara ya molekuli moja moja juu ya chembe za fedha, na uimarishaji ukatajwa kuwa wa kadiri ya tarakimu 1 ikifuatwa na sifuri 14. Mwaka 2007 Eric Le Ru, Pablo Etchegoin na wenzao wa Chuo Kikuu cha Victoria cha Wellington, New Zealand, walionyesha kwamba tarakimu kama hizo zilikuwa zikihesabiwa kwa maana mbalimbali: mwingine hupima molekuli moja iliyo mahali pazuri kuliko pote, mwingine hupima wastani wa uso mzima, mwingine hulinganisha uzito wa vimiminika viwili. Wakaonyesha pia kwamba uimarishaji wa kadiri ya mara 100,000,000 watosha kuiona molekuli moja. Baina ya tarakimu hizo mbili kuna sifuri sita, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo yatokana na maana ya neno, si na uwezo wa fedha. Kwa mtu wa lugha, hiyo ni habari ya kutia moyo: swali lile tulilozoea kuwauliza wanafunzi wetu wa sarufi, kitenzi hiki yambwa yake iko wapi, lilikuwa na kazi hata katika maabara.

Nazijua hoja zitakazoletwa dhidi yangu. Ya kwanza ni kwamba imara si nguvu. Imara ni uthabiti wa kitu kisichoyumba, ilhali uga wa mwanga hauachi kuyumba. Hoja hii ni ya kweli, na kwa muda nilifikiria kutia nguvu badala ya kuimarisha. Lakini kutia nguvu huzaa jina zito, utiaji nguvu, ambalo halikubali kwa urahisi vivumishi na nyongeza zihitajiwazo katika kichwa cha makala au cha jedwali. Na matumizi ya watu yamekwisha kuipanua maana ya kuimarisha hata ikaingia nguvu ndani yake. Atakayependelea kutia nguvu sitamlaumu, maadamu hataki kurudi kwenye kukuza.

Hoja ya pili ni kwamba neno moja ni jepesi kwa mwanafunzi kuliko mawili. Najibu kwamba wepesi huo ni wa siku ya kwanza tu. Siku ya pili mwanafunzi huuliza swali kama lile lililoulizwa, na mwalimu hana neno la kumjibia.

Napendekeza basi mambo matatu. Kwanza, kuimarisha kuwe kwa uga, na jina la jambo zima liwe mtawanyo wa Raman ulioimarishwa na uso wa metali. Pili, kuongeza kuwe kwa vitu vihesabiwavyo, kama molekuli zinazoguswa na mwanga au urefu wa njia. Tatu, ishara isiwe yambwa ya kitenzi chochote kati ya hivi. Iwe kiima cha kitenzi kisicho na yambwa, kama kuzidi au kupungua, kwa sababu hakuna mtu wala chembe iishikayo ishara kwa mkono. Kukuza tukuache kwa vyombo vya umeme, ambako ni mahali pake.

Sentensi ya mwalimu yule ilikuwa hivi: “Chembe za dhahabu na mifereji ya mwanga hukuza ishara ya Raman.” Nimemrudishia ikiwa hivi: “Chembe za dhahabu huimarisha uga wa mwanga karibu nazo, na kiongozamwanga huongeza molekuli zinazofikiwa na uga huo, ishara ya Raman huzidi kwa sababu zote mbili, mpaka pale dhahabu imezapo mwanga mwingi kuliko faida iliyoleta.” Ni ndefu kuliko ya kwanza, na mwalimu amelalamika kwamba haiingii katika kichwa cha somo. Lakini amekubali kuisomesha muhula ujao. Wenye rai nyingine, hasa wale wafundishao fizikia yenyewe, nawaomba waiandike, maana istilahi isiyojaribiwa darasani haijawa istilahi bado.